Kubadili sinki la choo kwenye Coaster ya kulala, naweza kufunga la kawaida la nyumbani?

Mwana wa Ruvuma

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri hasa mafundi bomba na wale mnaoyajua magari ya kulala, yale yenye kitanda na jiko ndani. Nina Coaster ndefu niliinunua mwaka jana kwa mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka nchini, alishaigeuza kuwa motohomu, ina kitanda, sinki la vyombo, tanki la maji safi, pampu ya volti 12 na choo kwenye kachumba kake huko nyuma.

Ishu ni choo. Ni cha plastiki, cha kukaa, hakina lile tanki la mgongoni kama vya nyumbani. Kina pedeli chini, ukikanyaga nusu maji yanaingia kwenye bakuli, ukikanyaga mpaka mwisho kile kisahani cha chini kinafunguka na mzigo unadondoka moja kwa moja kwenye tanki lililofungwa chini ya gari, bomba lake ni wima halina kona yoyote. Tanki limeandikwa lita 80. Sasa pedeli imekufa, springi imekatika, kisahani hakirudi mpaka uvae glavu ukivute kwa mkono, maji hayakai kwenye bakuli hata dakika moja na harufu inapanda gari zima, gari likishinda juani hapa Mbagala ndio hata kuingia huwezi. Halafu juzi nimegundua plaiwudi ya sakafu nyuma ya choo imelainika, nikiibonyeza na bisibisi inazama.

Niwaambie kwa nini nina haraka. Desemba nataka nimpeleke bimkubwa Songea. Ana miaka 71, ana sukari na magoti yote mawili yamechoka. Mwaka juzi tulimpandisha basi pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri, hakunywa hata funda la maji mpaka tunaingia Njombe usiku, kumbe alikuwa anaogopa kuchimba dawa, hawezi kuchuchumaa na hataki kushikiliwa na watu baki porini, mtu mzima na heshima zake. Mtu wa sukari kakaa kutwa nzima bila maji kwa sababu ya choo. Nilimuona midomo ilivyompasuka, mpaka leo inaniuma. Hii gari niliinunua kwa sababu hiyo tu.

Fundi wangu anasema tung'oe hicho cha plastiki tukanunue sinki la kawaida la kauri Kariakoo na tanki lake la kuflashi, tulifunge hapohapo tuunge na bomba la inchi 4. Bei naimudu ila roho inasita. Inawezekana? Na kama haiwezekani natafuta kitu gani na nakipata wapi?

---

Kifaru_Tabata

Inawezekana mkuu. Kuna kontena la ofisi saiti moja tuliwahi kulifungia sinki la kauri na mpaka leo linapiga kazi. Weka tu, choo ni choo, muhimu bomba liwe kubwa.

---

Mzee wa Bodi

Kijana wangu wa Ruvuma, subiri kwanza usitoe hela. Kontena la saiti limekaa chini halitembei, na lina shimo lake. Mimi nimejenga bodi za mabasi na malori ya watalii zaidi ya miaka ishirini, vyoo vya kwenye gari nimefunga na kufungua vingi tu, naomba nikueleze taratibu.

Sinki la nyumbani linaishi kwa maji mengi. Lile koo lake lililopinda ndilo linalobakiza maji ya kuzuia harufu, na ili uchafu upande ile kona ushukie upande wa pili lazima maji yaje kwa kishindo, lita sita kwa masinki ya siku hizi, ya zamani lita tisa na zaidi. Tanki lako ni lita 80. Gawa kwa sita. Mara kumi na tatu limejaa, na hapo hatujahesabu maji ya kutawadhia. Na hayo maji safi lita sita sita utayabeba wapi? Gari lako sijui lina tanki la maji safi la lita ngapi lakini kabla hujafika Iringa litakuwa limekauka.

Jambo la pili ni barabara. Ukianza kupanda Kitonga na zile kona zake, maji yaliyokaa kwenye koo la sinki yanayumba yanamwagikia tankini, ukifika juu koo ni tupu na harufu yote inaingia ndani na mama yuko kitandani. Halafu kauri inakalishwa kwa saruji nyeupe. Saruji kwenye sakafu ya gari haina wiki, inapasuka kwa mtikisiko, sinki linaanza kucheza, na likishaanza kucheza na mtu mwenye magoti mabovu kakaa juu yake gari linatembea, hapo tunaongea habari nyingine.

Sasa hicho choo chako cha pedeli hakina koo kabisa, ndiyo maana bomba ni wima. Kinachozuia harufu ni kile kisahani, mpira unaokizunguka na maji kidogo yanayokaa juu yake. Kwa hiyo maji yasipokaa, huna choo, una tundu linaloangalia tankini. Kinatumia maji kidogo sana, lita moja mpaka mbili inategemea unakanyaga muda gani, kwa sababu hakuna kona ya kupandisha, kila kitu kinaanguka chenyewe.

Kabla ya kununua chochote tafuta uvujaji unatoka wapi maana plaiwudi hailainiki bure. Kausha sakafu vizuri na kitambaa, zungushia tishu kavu pale chini, halafu washa pampu na usikanyage pedeli, subiri nusu saa. Tishu ikilowa upande wa nyuma hiyo ni valvu ya maji ya choo imepasuka. Ikibaki kavu, mwaga ndoo ndogo kwenye bakuli kisahani kikiwa wazi. Ikilowa hapo basi ni mpira wa chini, ule unaokaa kati ya choo na flenji ya sakafuni, yaani ile pete inayoshika choo juu ya mdomo wa bomba. Nijibu umeona nini.

---

Mwana wa Ruvuma

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana kwa muda wako. Nimefanya kama ulivyosema leo asubuhi. Pampu ikiwa imewashwa tishu za nyuma zimelowa ndani ya dakika kumi, na nilipomwaga ndoo zile za mbele nazo zimelowa na maji yenyewe yana harufu. Kwa hiyo inavuja kote kote.

---

Mzee wa Bodi

Marahaba. Basi hicho kimekwisha, valvu, mpira wa chini, springi, vyote kwa pamoja ukianza kununua kimoja kimoja utafika bei ya choo kizima. Badilisha chote ila tafuta cha aina hiyohiyo. Ning'oe lini? Namaanisha utang'oa lini, maana ukishaking'oa tuone flenji na sakafu ndipo tujue.

---

dogo wa spea

Mkuu mimi naagizia watu vitu vya magari ya utalii kwa hiyo hapa naweza kusaidia. Hivyo vyoo vya pedeli vya kudondoshea kwenye tanki vinatoka sana Marekani, kampuni mbili ndio utaziona kila mahali, Dometic na Thetford. Thetford wana Aqua-Magic V ya plastiki, nyepesi kabisa. Dometic wana 300 ya plastiki, na 310 na 320 ambazo bakuli lake ni kauri, hizo ni nzito kwa hiyo ukiagiza kwa ndege unalipa kilo. Usije ukachanganya na vya Ulaya, kule motohomu nyingi zinatumia vya kaseti, yaani tanki dogo linalochomolewa kwa nje kupitia kamlango ubavuni mwa gari, ukinunua hicho hakitaingia kwako mpaka utoboe bodi.

Kabla ya kuagiza pima vitu vitatu, na naomba usikisie. Pima kutoka katikati ya tundu la sakafuni mpaka ukuta wa nyuma, maana kuna vingine matako yake yanarudi nyuma sana na kachumba kako ni kadogo. Pima pembeni kulia na kushoto. Halafu pima kimo cha hicho ulichonacho kutoka sakafuni mpaka kwenye kikalio. Hii ya mwisho watu wengi wanairuka. Vipo vifupi vya kama sentimita 33, vinawekwa pale ambapo sakafu imeinuliwa kwa ngazi, na vipo virefu vya karibu sentimita 46 ambavyo ni kimo cha kiti. Kwa mama yako mwenye magoti usinunue kifupi hata ukipewa bure, kushuka atashuka ila kuinuka ndio kazi.

Na kila ukiagiza choo agiza na mpira wa flenji mpya, hata kama wanakwambia unakuja nao kwenye boksi uliza upate uhakika. Mafundi wengine watakwambia weka nta au paka silikoni nyingi, hapana, nta ni ya nyumba za Marekani ambazo hazitembei, kwenye gari ni mpira.

---

Nuru Kigamboni

Kaka Mwana wa Ruvuma pole na hongera kwa kumfikiria mama. Mimi nasimamia eneo la kambi huku Kigamboni, wageni wanaozunguka Afrika na magari yao wanakuja kupumzika kwetu, kwa hiyo haya mambo ya vyoo vya gari nayaona kila wiki, na kuna kitu kimoja hakijasemwa hapa.

Hivi vyoo vimetengenezwa kwa watu wanaotumia karatasi. Sisi tunatumia maji. Mama yako hawezi kujisikia msafi kwa tishu peke yake, na wala hatakiwi kulazimishwa. Wageni wenye vile vya kaseti ambavyo tanki lake ni lita kumi na nane hivi wanakaa nacho siku mbili tatu, sasa aje Mswahili mwenye kopo lake, kila akienda ni lita moja ya kuflashi na lita moja na nusu ya kutawadha, kaseti inajaa mara ya saba. Kwa hiyo nakubaliana na dogo hapo juu baki na hilo tanki lako la lita 80, kwa matumizi hayo linakupa kama mara thelathini, kwa watu watatu mnafika Songea bila wasiwasi. Tena maji kwenye tanki la chini ni mazuri, yakiwa machache uchafu unarundikana pale chini ya bomba kama kichuguu halafu unagoma kutoka.

Shatafu mwekee. Kuna vyoo vya gari vinauzwa na kipulizia chake cha mkono kwa ajili ya kuosha bakuli, na ukikosa hicho fundi anaweza kutoa tawi kwenye bomba la maji kabla ya choo. Ila weka koki hapo kwenye tawi na mzoeshe kila mtu kuifunga akimaliza, maana kichwa cha shatafu hakikutengenezwa kuzuia pampu saa nane mfululizo huku gari linaruka matuta, likianza kuvuja usiku pampu itamwaga maji yote safi chini.

Kuhusu dawa za tankini: zile za bluu nyingi ni kali, ukienda kumwaga kwenye shimo la nyumbani zinaua wale vijidudu wanaoyeyusha uchafu na shimo linaanza kujaa haraka na kunuka. Sisi kwetu tulikataza kabisa. Jiki nayo usiweke, inakausha mipira. Weka maji ndoo moja tankini kabla ya safari, basi, na hakikisha lile bomba la hewa linalopanda mpaka juu ya paa liko wazi. Nyigu wanapenda sana kujenga udongo mule ndani, gari lililokaa kama lako lazima uangalie. Bomba la hewa likiziba, harufu haina pa kutokea, kila ukikanyaga pedeli inakupiga usoni.

---

Kifaru_Tabata

Nimesoma maelezo ya mzee na dada Nuru, naondoa ushauri wangu wa mwanzo. Sikufikiria habari ya lita wala milima. Mkuu fuata hao.

Swali langu, hilo tanki likijaa unamwaga wapi? Maana barabarani huwezi.

---

Nuru Kigamboni

Kaka Kifaru, njia rahisi ni kwenye chemba ya choo cha nyumbani au ya gesti mtakayolala, kwa kuomba na kulipa kidogo. Unaunga bomba nene, unafungua valvu ya tanki, halafu unasuuza. Kwa hapa mjini ukiwa huna pa kumwaga unaita gari la kunyonya majitaka linakuja mpaka ulipo, wao wana sehemu zao rasmi kama mabwawa ya Vingunguti. Mtoni, baharini au kwenye mtaro wa mvua ni mwiko, kuna watoto wanachezea maji hayo hayo.

---

Mwana wa Ruvuma

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, nilikuwa nahangaika na hii kitu wikiendi yote.

Jumamosi nimeking'oa. Nilifunga koki ya maji, nikamaliza presha kwa kufungua bomba la sinki la vyombo, nikafungua ule mpira wa maji nyuma ya choo. Kushoto na kulia kuna vifuniko vidogo vya plastiki, chini yake kuna nati moja moja. Ya kushoto imetoka na spana vizuri. Ya kulia, ile ya upande unaovuja, imeoza imekuwa donge la kutu, spana inazunguka tu na bolti yake. Nimekaa nayo karibu saa nzima na jino la msumeno wa chuma nimelifunga kitambaa nalikwaruza mdogo mdogo kati ya nati na plastiki, mikono imechubuka yote. Ilipokatika nikakiyumbisha choo kulia kushoto kikatoka kizima. Kwa sababu dada Nuru alinikumbusha nilikuwa nimemwaga tanki siku ya Ijumaa na kulisuuza mara tatu kwa hiyo haikuwa mbaya, nikaziba tundu na mfuko wenye matambara.

Ule mpira wa chini ulikuwa umekauka kama ganda la muhogo, umepasuka sehemu mbili. Plaiwudi imeoza duara la kama sahani ya chakula. Ila kinachonitia wasiwasi ni flenji. Ni nyeusi, imechanika pale bolti ya kulia inaposhikilia. Nimeenda Gerezani na Kariakoo yote na kipande mkononi, bomba letu la inchi 4 ni kubwa linapwaya, la milimita 75 ni dogo haliingii kabisa. Fundi anataka kuliminya la inchi 4 kwa moto. Nimemwambia aache kwanza mpaka niwaulize.

---

Mzee wa Bodi

Umefanya vizuri kumzuia. Hilo ni bomba la Kimarekani la inchi tatu, kwa nje lina milimita 89 hivi, ndiyo maana letu la 110 linapwaya na la 75 haliingii. Na hiyo nyeusi si PVC, ni plastiki nyingine inaitwa ABS, gundi yetu ya PVC ukiipaka hapo itashika siku mbili ikauke iachie, mtikisiko ukiikuta ndiyo kabisa. Kwa hiyo usiunge chochote cha huku kwenye hilo bomba. Agiza flenji yake ya inchi tatu ya ABS pamoja na choo, na kopo dogo la gundi yake. Gundi hiyo muulize dogo kama inapanda ndege maana inawaka moto.

Angalia pia hiyo flenji imefungwaje, nyingi kwenye magari hazina gundi, zina uzi, zinazungushwa tu kutoka bombani. Chukua ubao mfupi, utumbukize ushike pande mbili, zungusha kinyume cha saa taratibu.

Sakafu: kata ile sehemu mbovu mpaka ufikie mbao kavu, usikate kwa kufuata uozo, kata mraba mkubwa mpaka kingo zikalie juu ya chuma cha fremu. Weka marini bodi, ile plaiwudi inayostahimili maji, ya milimita 18 kama sakafu yako ni hiyo, na kabla hujaiweka zipake rangi ya mafuta kingo zote na tundu la katikati kwa ndani. Maji huwa yanaingilia kwenye kingo, siyo juu. Flenji ikikaa iwe imeinuka juu ya sakafu milimita 6 mpaka 11 hivi. Ikizama zaidi ya hapo mpira haubanwi, ikiinuka sana choo kinakaa juu ya flenji badala ya sakafu na siku mama akikaa plastiki inapasuka.

Bolti weka za stenlesi au shaba.

---

dogo wa spea

Mzee yuko sahihi, gundi kwenye ndege wanaikataa, inakuja kwa meli. Ila kama flenji ni ya uzi huihitaji.

Kitu kingine cha kukuondolea hofu, sehemu ya maji kwenye vyoo hivyo ni uzi wa nusu inchi wa Kimarekani, na wetu ni wa nusu inchi wa Kiingereza. Si uzi mmoja, ila kwa nusu inchi idadi ya meno kwa inchi ni ileile 14, kwa hiyo zinaingiliana ukizungusha tepu ya kutosha. Kaza kwa mkono, halafu spana robo mzunguko basi. Upande wa choo ni plastiki, fundi akikaza kama anafunga bomba la chuma umenunua kingine.

---

Mwana wa Ruvuma

Wakuu, mrejesho.

Flenji kweli ilikuwa ya uzi. Nilitumia ubao wa mpini wa jembe, ilitoka kwa mlio mmoja mkali nikadhani nimevunja bomba, kumbe imeachia. Nimeagiza Aqua-Magic V ile ndefu ya pedeli yenye kipulizia cha mkono, na flenji mpya na mipira miwili, mmoja wa akiba. Shemeji yangu anayeishi kule Marekani kaja nayo kama mzigo wake wa pili wa ndege. Bandarini wala sijafika.

Sakafu nimefanya na fundi seremala wa Keko, mtu makini sana, nilimsomea maneno ya mzee neno kwa neno kwenye simu naye akasema hivyo ndivyo. Tumekata mraba, tumepaka rangi kingo tabaka mbili, tukaacha usiku mzima zikauke. Flenji imekaa milimita 8. Tumekalisha choo, tukakaza nati za pande mbili kwa zamu, kidogo kulia kidogo kushoto, mpaka kikaacha kucheza tukaishia hapo. Seremala alitaka kupaka silikoni kuzunguka choo chote, nikamwambia apake mbele na pembeni tu, nyuma aache wazi, ili siku kikivuja tena maji yatoke nje niyaone badala ya kuozesha mbao kimyakimya. Hilo nilijifunza kwa hasara.

Bomba la hewa, dada Nuru, ulijuaje? Nimepanda juu ya paa nikakuta kiota cha nyigu cha udongo kimejaza tundu lote. Nimekitoa na waya nikafunga kipande cha wavu wa dirisha.

Tumefanya jaribio, nimejaza bakuli saa mbili usiku, asubuhi maji yapo palepale. Tishu za chini kavu. Gari limeshinda juani, nimefungua mlango saa tisa, hakuna harufu isipokuwa ya rangi mpya.

Leo nimemleta bimkubwa Mbagala akijaribu. Ameingia mwenyewe, amefunga mlango. Nilikuwa nje nasikia pedeli, halafu shatafu, halafu kimya. Alipotoka akaniambia kimo ni kizuri ila anataka kitu cha kushika mkono wa kulia akiwa anainuka, na pedeli ni nzito kwa mguu wake. Naomba hapo mnisaidie, mkono wa kushika nitaufunga kwenye ukuta, ila ukuta wenyewe ni plaiwudi nyembamba. Na hiyo pedeli kuna namna ya kuilainisha?

---

Mzee wa Bodi

Hongera sana mwanangu. Mkono usiufunge kwenye plaiwudi, utang'oka naye. Toboa upitilize mpaka kwenye nguzo ya bodi, Coaster ina nguzo za chuma kila baada ya dirisha, gonga na kidole utasikia sauti inabadilika. Kama nguzo iko mbali na mkono wake, funga bamba la chuma kwenye nguzo mbili halafu mkono uufunge kwenye bamba. Tumia bolti na nati, siyo skrubu. Na kabla hujatoboa akae juu ya choo, umwambie anyanyuke kama kawaida yake, uone mkono wake unatafuta wapi, upachore hapo hapo.

---

Nuru Kigamboni

Pedeli ikiwa mpya huwa nzito kidogo, na mpira wa kisahani ukiwa mkavu ndio inakuwa nzito zaidi. Paka mafuta ya zeituni kidogo kwa kidole kuzunguka mpira, au silikoni ya kupuliza. Usipake mafuta mengine ya kupikia wala vaselini, vinaufanya mpira uvimbe na utavuja. Na gari likiwa limepaki acha maji kidogo kwenye bakuli siku zote, joto letu hili linakausha mpira haraka. Akiona bado nzito, mmoja wenu awe anamflashia baada ya kutoka, pedeli si lazima akanyage yeye.

Mkifika Mikumi zile kilomita hamsini za hifadhi ambazo hamruhusiwi kushuka, mwambie anywe maji.

---

Mwana wa Ruvuma

Zeituni imefanya kazi, sasa anakanyaga mwenyewe na hataki kuflashiwa. Mkono tumeufunga kwenye bamba kama mzee alivyosema, sentimita 71 kutoka sakafuni, hapo ndipo mkono wake ulipokwenda wenyewe. Tunaondoka Ijumaa alfajiri. Nimemwekea chupa mbili za lita moja na nusu pembeni ya kitanda na ameshauliza mwenyewe kama zitatosha.